Pikapu ya Mama Viti na Geti la Marehemu

Mume wangu ukimkaribisha kwako, usitegemee atakaa. Atasimama mlangoni, atainamisha kichwa, ataangalia picha zako ukutani. Ikiwepo iliyolala upande, wewe endelea na salamu zako peke yako, mwenzio ameshafika ukutani anainyoosha. Siku tuliyooana watu wako nje wanapiga vigelegele, mimi naingia chumbani namkuta bwana harusi kapiga magoti na suti yake mpya, kaweka pima maji juu ya ukingo wa kitanda. Pima maji ni ile fimbo ya waashi yenye kiputo ndani ya kioo. Kiputo kikikaa katikati, kitu kimenyooka. "Mguu wa huku umezama," akaniambia. Nikasema moyoni, haya, ndiyo nimeshaolewa hivyo.

Ni fundi bodi. Gari likigongwa likapinda, linaletwa kwake. Gereji nzima wanamwita Rula, na jina lenyewe analipenda, ingawa ukimwambia analipenda atakataa. Ana jicho, sikatai. Anaweza kusimama barabarani gari linapita, akakwambia mlango wa nyuma wa lile uliwahi kutolewa ukarudishwa na mtu mwenye haraka. Watu wanatoka mbali kumletea magari, na yeye hamwachii mtu gari mpaka alizunguke kwa mara ya mwisho, kafumba jicho moja, mwenye gari amechoka kusubiri hadi amekaa kwenye tairi.

Sasa mtu wa namna hiyo akaja kuoa kwenye familia yenye pikapu iliyopinda kuliko zote mjini.

Pikapu ni ya mama yangu. Mama anakodisha viti vya plastiki na maturubai kwenye shughuli za watu, ndiyo maana wote wanamwita Mama Viti. Anaendesha mwenyewe, anapakia mwenyewe, na ukijidai kumsaidia kufunga kamba, atafungua fundo lako mbele yako afunge la kwake. Pikapu yake kwa mbele haina neno. Shida ilikuwa bodi la nyuma, lile sanduku la kubebea mizigo. Lilianza vizuri pale nyuma ya kebini, halafu kadiri lilivyokwenda mkiani likawa linahamia upande wa abiria, mpaka kule mwisho limehama upana wa kiganja kizima. Ukiitazama ikija, unaona gari. Ukiitazama ikienda, unajiuliza inakwenda wapi.

Na kila siku ya Mungu ilipita mbele ya gereji ya mume wangu. "Rula! Mkweo huyo! Leo anakwenda mbele au anakwenda pembeni?" Wenzake hawakuchoka. Yeye anajifanya anatafuta spana chini ya benchi mpaka pikapu ipotee. Jioni anakula, halafu anaweka kijiko chini. "Anipe siku moja tu. Siku moja." Mama kila alipoombwa alikuwa na jibu lile lile: "Gari langu limekulalamikia?" Na mama mkwe mtu habishani naye, basi yakaishia hapo miaka nenda miaka rudi.

Lakini ili uelewe balaa lililotupata, lazima nikwambie bodi lile lilipindaje. Nilikuwa bado naenda shule. Lori lilirudi nyuma bila dereva wake kuangalia, likaigonga pikapu kwenye kona ya nyuma, upande wa dereva. Bolti zilizoshika bodi kwenye chasisi zikachana matundu yake, bodi likahama. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi. Akaizunguka pikapu, akaona bodi halijatoboka, akakaza bolti pale pale zilipohamia, akasema iko salama. Jioni mama akaweka rivasi aingie uani, mkia ukagonga nguzo ya geti upande wa abiria. Njia ya kuingilia kwetu ni nyembamba, na stoo ya viti iko nyuma kabisa, kwa hiyo lazima uingie kinyumenyume, upende usipende.

Mtu mwingine hapo angetafuta fundi wa magari. Baba alitafuta nyundo. Kulipokucha akaivunja nguzo ya upande wa abiria, akaijenga tena kiganja kimoja kwa nje. Sasa uwazi ukawa mpana, na mlango wa geti ni wa chuma, hauvutiki. Basi akainenepesha nguzo ya upande wa dereva kiganja kimoja ili mlango ufunge. Geti zima likawa limehama. Mtaro wa maji ya mvua, ambao zamani ulipita nje ya nguzo, sasa ukawa unapita chini ya nguzo, akauhamisha na wenyewe. Mtaro ukamwaga kwenye kizingiti cha jiko, akahamisha na kizingiti. Mama alikuwa anasimulia anacheka mpaka machozi: alilala kwenye nyumba moja akaamka kwenye nyumba nyingine. Baba alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Haya, mama watoto, jaribu gari lako."

Mama akaingia bila kugusa. Hakugusa tena. Baba alipotutoka, mama aliendelea kuingia vile vile, jicho kwenye kioo cha pembeni, akisubiri kona ya bodi ikutane na ufa fulani wa plasta anaoujua yeye peke yake. Hapo anakata usukani, na kebini inafuata yenyewe.

Mume wangu hakuyajua hayo. Sisi tuliozaliwa mle tulishazoea, hakuna aliyeona kama ni jambo la kumsimulia mtu. Nyumba yako ikihama ungali mtoto, unadhani nyumba zote huhama.

Sasa mama mdogo akaugua, mama akafunga safari kwenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka akaipeleka pikapu gereji. "Breki zinalia, mwanangu," akamwambia mume wangu. "Nikikanyaga tu, kiii, watu wote wanageuka. Nitazamie breki." Akampa funguo. Akafika mlangoni, akageuka. "Breki."

"Ndiyo mama. Breki," akaitikia, na macho yameshafika nyuma ya gari.

Wiki ile sikuwa na mume. Chakula nilimpelekea gereji, nikimwita naitikiwa na miguu miwili iliyotokeza chini ya pikapu. Bolti zilikuwa zimekula kutu, kila moja ikagoma kivyake. Nyingine aliibembeleza kwa mafuta, nyingine kwa matusi. Bodi lilipoachia, akaziba yale matundu yaliyochanika kwa kuyachomelea, akatoboa mapya pale yalipotakiwa kuwa. Akafunga mnyororo kwenye mkia, akauvuta kuelekea upande wa dereva, jeki ikisukuma kutoka upande wa pili. Kila ukisogea kidogo anashuka, anavuta tepu kona kwa kona, anafumba jicho, anapanda tena. Siku bodi lilipokaa sawa na kebini, aliniita nitazame. Nilikuta kaweka pima maji juu ya ukingo wa bodi, kiputo kimetulia katikati, na yeye ana machozi. Nikamwambia hongera. Ningemwambia nini?

Mama aliporudi, pikapu ilikuwa imeoshwa, imegeuzwa mgongo ili akutane na ule mkia ulionyooka. Mafundi wote waliacha kazi wakajipanga. Mama akashuka kwenye bodaboda, akaitazama. Akaizunguka taratibu, mkoba kwapani.

"Gari langu liko wapi?"

"Si hili hapa, mama," mume wangu akasema, meno yote nje. "Nimelinyoosha."

"Nani alikwambia limepinda?"

Mafundi wakadhani ni utani, wakapiga makofi. Mama hakuwa anatania. Lakini ni mkwe wake, na mbele ya watu, basi akasema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi ya viatu visivyo saizi yake. Akapanda, akaondoka. Kwenye kona akakanyaga breki. Kiii.

Jioni ile ile aliweka rivasi, akasubiri kona ikutane na ufa wake. Ikakutana. Akakata usukani. Gu! Nguzo ya upande wa dereva, ile aliyoinenepesha baba, ikaachia kipande cha plasta.

Akasema ni uchovu wa safari. Kesho yake alikuwa na kazi ya harusi ya watu. Akarudi nyuma kushusha viti, na kona ya bodi ikakuta mhimili wa turubai pale ambapo miaka yote isingeukuta. Turubai likashuka kwa heshima juu ya wageni waalikwa. Msema chochote alikuwa katikati ya sentensi, maikrofoni imewashwa, akaendelea kutoka humo ndani: "Tunaomba tutulie ndugu zangu, ratiba haijabadilika." Hakuna aliyeumia, ila bibi harusi alitolewa shela imebaki ndani. Mama alirudi nyumbani akakaa jikoni hakuwasha moto.

Na mara ya tatu alipogonga, kwenye geti tena, kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama hapo hapo anamsubiri.

Kaka yangu anafanya kazi ofisi ya bima. Kutwa nzima anafikiria mabaya yatakayowapata watu, na akitoka kazini hajui kuacha. Sura kachukua ya mama, lakini mikono ni ya baba mtupu, mipana ya kiashi. Kwenye kompyuta ya ofisini, kila akibonyeza herufi moja zinatoka mbili. Mama anampenda huyu hadi sisi wengine tunaona wivu, naye anampenda mama kwa namna ya kutaka kumfungia kabatini asivunjike.

Akatuita sote sebuleni kwa mama. "Mama, umetulea, umechoka, sasa pumzika," akaanza. "Viti vitaendelea, tutaajiri dereva. Wewe kaa nyumbani."

"Nikae nyumbani nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nipumzike nife? Sijazeeka mimi, ni bodi! Bodi limehamishwa!"

Kaka akamgeukia mume wangu. "Shemeji, wewe ndiye fundi. Gari lina tatizo?"

Jamani. Nilimtazama mume wangu, nikamwomba kwa macho. Hata uongo ningemsamehe. Yeye akasema ukweli wake wote. "Kaka, bodi limenyooka. Nimepima kona kwa kona. Halijapinda hata unywele."

"Basi gari ni zima," kaka akasema, na sauti ikamlegea, maana hakuwa anafurahia. "Mama, kama gari ni zima..."

Mama alitazama mikono yake mwenyewe pale mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona mama anajitilia shaka. Ile ndiyo iliniuma kuliko nguzo, kuliko turubai, kuliko vyote. Mama akiwa na funguo ni mtu mmoja. Bila funguo sijui angekuwa nani, na sikutaka kumjua.

Mwishowe wakakubaliana. Jumapili kaka anakuja. Mama ataingia kwenye geti lake mwenyewe mbele ya wote. Asipogusa, funguo zake. Akigusa hata plasta, dereva anaanza Jumatatu.

Nyumbani nilimpa mume wangu vidonge vyake. "Umenyoosha gari mpaka umemtoa mama yangu ndani yake! Nani alikutuma?"

"Limenyooka!" akafoka. "Gari lililonyooka halimgongeshi mtu!"

"Limenyooka na nini? Hilo geti umelitazama?" Ndipo nikamsimulia habari ya baba na nyundo yake, nguzo, mtaro, kizingiti cha jiko, vyote. Mimi ni fundi cherehani. Nikamwambia, mteja akija bega moja liko chini, nguo unaikata bega moja liko chini. Humpeleki kwanza kwa daktari. Mume wangu alichukua pima maji na tepu, akatoka na ndala.

Aliporudi alikuwa amenywea. Akakaa kitandani na lile pima maji mapajani. "Nguzo zote mbili zimesimama sawasawa," akasema. "Kiputo katikati. Mtaro una mteremko wake, maji hayatuami hata tone. Baba yako alisogeza nyumba nzima kiganja kimoja na hakupindisha hata tofali." Akaliweka pima maji sakafuni. "Mimi nimetengeneza gari la nyumba nyingine."

Asubuhi akaenda kwa mama na wazo: airudishe nguzo ilipokuwa zamani, akatafute mwashi, mambo yaishe. Alimkuta mama ameshatoa kigoda chake, kakaa chini ya nguzo anapepeta mchele, na ungo kaushika kama ngao. Sijui nani alimtonya. "Nguzo hii haiguswi," mama akasema. "Mume wangu yumo humu. Wewe ulichogusa ni bodi, karudishe bodi."

"Mama, mimi nipindishe? Mimi nanyoosha, mama. Sijawahi kupindisha gari maishani mwangu."

"Utajifunza, mwanangu. Bado kijana."

Unaweza kucheka, lakini mimi ninayelala naye naijua ile shida. Jina lake lote ni kunyoosha. Fundi Rula akionekana anapindisha gari zima kwa makusudi, kesho nani atamletea lake? Jumamosi akaazima kwa mama turubai, akaizungushia pikapu pande zote, watu wa gereji wasione. Hapo ndipo akawaita kabisa. Mtu hafuniki kitu gereji. Mmoja akasema humo kuna gari la wizi. Mwingine akasema kuna maiti. Muuza karanga akaweka meza yake pale, akijua watu hawatatoka leo.

Ndani tulikuwa watatu. Mama kwenye usukani, macho kwenye kioo. Mimi nimeshika tochi. Mume wangu chini ya gari, kayarefusha yale matundu yake mapya mazuri ili bolti zipate pa kutembea, na kila alipopitisha tupa aliguna kama anang'olewa jino.

"Peleka upande wa abiria," mama anaagiza. "Zaidi. Zaidi. Umezidisha, rudisha."

"Rudisha kiasi gani, mama?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo! Wewe hujui kidogo?"

Shida ilikuwa hiyo. Kunyooka kuna kipimo, kila mtu anakijua. Kipimo cha kupinda kwa bodi lile hakuna aliyewahi kukichukua, mama alikuwa anakijua kwa shingo na jicho tu. Mume wangu alitoka chini ya gari jasho linamtiririka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Tuliacha mama aliposema "nadhani ni hapo." Hakuna aliyependa lile neno nadhani.

Jumapili ikafika. Kaka alikuja na shati jeupe na tai, kasimama kando ya geti kama msimamizi wa mtihani. Majirani walitoa viti nje, vya mama mwenyewe. Na mafundi wa gereji hao hapo, wamepiga pasi, hakuna aliyewaalika. Mume wangu alivaa suti ile ile ya harusi. Kisa cha kuvaa suti sikukielewa, nikamwacha.

Mama akapanda. Akaweka rivasi. Mkia ukaanza kuingia, taratibu, kona ya bodi inaikaribia ile nguzo nene, inaikaribia... Kiii! Akasimama. Akashuka, akaja kutazama. Alikuwa hajagusa, lakini angeongeza kidogo tu angegusa.

"Bado," akasema.

Kaka akainamisha kichwa. "Mama, tuache tu."

"Nimegusa?"

"Hujagusa, lakini..."

"Basi mtihani haujaisha. Bado upana wa kidole." Akamgeukia mume wangu. "Umebakiza kidole, mwanangu."

"Kidole cha nani, mama?" Maskini, alikuwa anauliza kwa dhati. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Alisimama akifikiri, halafu nikaona uso wake umebadilika. "Marehemu hakuwa na tepu siku ile," akasema polepole. "Ya kwake aliiazimisha, haikurudi. Alipima bodi kwa kiganja, akaja akapima nguzo kwa kiganja hicho hicho." Akageuka, akamtazama kaka. "Wewe. Njoo na mkono."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine ana mikono ya baba yako hapa? Njoo!"

Mume wangu, akili ikamrudia, akachomoa uzi mfukoni. Yule hatembei bila uzi. Akaufunga ubavuni mwa kebini upande wa dereva, akauvuta ukaenda moja kwa moja mpaka mkiani, pale ambapo bodi lingefika kama lingekuwa limenyooka. Kati ya uzi na kona ya bodi pakawa na nafasi. "Weka hapa, kaka."

Kaka akaweka kiganja, akivibana vidole pamoja. Vidole vitatu vikaingia. Cha nne kikabaki nje ya uzi.

"Kidole," mama akasema. "Sikuwaambia?"

Hapo mume wangu alinitazama. Hakukuwa na turubai la kujifichia tena, mtaa mzima uko pale, na mafundi wake mstari wa mbele. Akavua koti la suti akanipa, akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya pikapu na spana.

"Jamani! Rula anapindisha gari!" mmoja wa mafundi akapayuka.

"Ndiyo, napindisha!" ikajibu sauti kutoka chini ya gari. "Napindisha mpaka liwe sawa! Kuna mwenye neno?"

Nilimpenda pale, nasema bila aibu, kuliko siku ya harusi. Bolti zikalegea. "Kaka, sukuma!" Kaka akaegemeza bega na shati lake jeupe kwenye bodi, akasukuma, mkono mmoja bado umebaki pale kwenye uzi. Bodi likalia, likasogea. Kidole cha nne kikaingia. Uzi ukamgusa mgongoni mwa kidole, ukatulia.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo hapo," mama akasema. "Usiutoe mpaka akaze."

Akaubakiza. Mume wangu akakaza bolti zote, moja baada ya nyingine, na kaka amesimama muda wote ule mkono wake uko kwenye bodi, anautazama kama umekuja kwake leo.

Mama akapanda. Safari hii hakwenda polepole. Aliweka rivasi kama zamani, akatupa jicho moja kwenye kioo, kona ikakutana na ufa, akakata usukani, mkia ukapita, kebini ikafuata, na kati ya bodi na nguzo pakabaki pa kupitisha upepo tu. Akaenda mpaka stoo. Kiii. Akazima. Mtaa ukapiga makofi, na mafundi wa gereji ndio walioshangilia kuliko wote, wanafiki wale.

Kaka hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia nguzo, mtaro, kizingiti cha jiko. Akanisogelea. "Kumbe vyote hivi alihamisha baba?"

"Vyote."

"Kwa nini hakutengeneza tu gari?"

"Alikuwa mwashi, kaka," nikamwambia.

Akatingisha kichwa. Alitaka kucheka, kikatoka kilio, akajifuta kwa ule mkono wenye vumbi la bodi, na uso wote ukachafuka. Mama akaja kutoka stoo anazungusha funguo kidoleni. Kaka akamwambia, "Funguo ni zako, mama. Sitazitaja tena." Mama akamsawazisha tai, akampiga begani, yakaisha.

Halafu akamfuata mume wangu. Mume wangu alikuwa ameshatoka chini ya gari, mgongo wote wa shati ni vumbi na oili, kasimama kidete anasubiri sifa zake, na haki yake alikuwa nayo. Mama akamshika mkono. "Asante sana, mwanangu. Umefanya kazi kubwa. Baba yenu angekupenda."

"Asante mama," akasema.

Mama akaufungua ule mkono, akaweka funguo za pikapu katikati ya kiganja, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Sasa nitazamie breki," akasema. "Breki tu, baba."